Mchunga wa Safu ya Arobaini

Kazi yangu ni kulipangusa jua uso.
Saa kumi na moja, vioo havijashika moto,
tunaingia getini nyuma ya Langobaya, wanawake sita na ndoo,
Tsuma akitupekua mifuko
kana kwamba mtu aweza kutoka na mwanga kwenye leso.

Vumbi la huku jekundu, na lina ukaidi:
ulifute leo, kesho limerudi kudai shamba lake.
Silishangai.
Safu ya arobaini ndipo ulipokuwa mkorosho wa mama.
Nilihesabu hatua toka kwenye kichuguu
kabla trekta halijakisawazisha.
Fomu ya fidia iliuliza umri wa mti, kimo, magunia kwa mwaka.
Kivuli hakikuwa na nafasi ya kujazwa.

Sisemi sikupata kitu. Mshahara unaingia kwenye simu,
na Mbeyu yuko kidato cha pili
kwa viatu ambavyo hakurithi kwa mtu.

Ila lori la maji latoka Sabaki kila asubuhi
kuosha vioo visivyo na kiu,
na mitungi yangu inangoja zamu ya Alhamisi.
Ila Jumanne niliokota korongo
aliyedhani hapa ni ziwa, akashuka miguu mbele.
Nilimfukia upande usio na kamera.

Na nyaya zapita juu ya makuti yangu kwenda mjini,
usiku zinanguruma kidogo,
kama mtu anayejizuia kucheka.
«Huu umeme mkubwa, mama,» mhandisi alinieleza,
mpole kweli, «hauwezi kushukia hapa.»
Ndani, Mbeyu anasoma kwa tochi ya simu.
Asilimia nane. Saba.

Sasa sikiliza.
Chini ya safu ya arobaini,
pale ndoo yangu inapodondokea,
umeota mchunga. Haukupandwa na mtu.
Msimamizi kasema ung'olewe, ni magugu.
Nang'oa, naam. Majani. Mizizi naiacha ilale.

Saa tano Tsuma afungua mfuko.
«Nini hiki?»
«Magugu.»
Atazama kamera, atazama mfuko.
«Mke wangu huyatia tui,» asema. «Fungu moja.»

Kesho nitamwaga tena pale pale, kidogo kupita kiasi.
Msimamizi amekwisha kuniuliza
mbona kioo kile
chang'aa kuliko vyote.