Wigi la Mfalme

Mwalimu Sialo alikuja Jumanne, Soko la Kenyatta,
akapenya moshi wa nyama choma na makelele ya "Dada, nikusuke?"
akasimama kwangu na karatasi imekunjwa mara nne.
Picha ya mwanamume.
Nywele nyeusi, mawimbi hadi kifuani,
na uso wa mtu aliyelala njaa zamani na sasa hataki kukumbushwa.

"Nyaboke, nataka hizi. Ni za mchezo wa shule.
Kichwa ni cha Nekesa, kidato cha tatu."

Nikauliza huyu ni nani; sishoni nywele za mtu nisiyejua tabia yake.
Akaketi kwenye kigoda, akanihadithia
huku nikimalizia rasta za mama mmoja wa Woodley:

kwamba Waingereza walimkata mfalme wao kichwa,
wakakaa miaka kumi na moja bila taji,
michezo marufuku, hata Krismasi marufuku,
kisha wakachoka.
Wakamwita mwana wa yule yule waliyemkata.
Akaingia mjini siku aliyotimiza thelathini,
mifereji ikatiririka mvinyo,
na waliomzomea baba wakawapigia makofi hata farasi wa mwana.

"Hao nawajua," akasema mama wa Woodley, kichwa kimeinama.
"Mmoja ni diwani wetu."

Kicheko kikaruka kibanda hadi kibanda.

Wakatunga Sheria ya Kusahau, akaendelea Mwalimu.
Asiye kwenye orodha, kosa lake limefutwa,
na atakayemsimanga jirani kwa mambo ya jana
atozwe faini.

Mikono yangu ikasimama.
Mwaka ule tuliochomewa cherehani na godoro, Kibera,
wakubwa walipeana mikono wakapigwa picha,
nami nikarudi kununua vitunguu kwa mtu
ambaye pazia la dirisha lake lilikuwa pazia langu.
Shilingi ishirini. Akaniongezea kimoja.
Sikusema kitu.

"Na walio kwenye orodha?"

Wengine walipasuliwa hai mbele ya watu.
Na mkubwa wao, aliyekwisha kufa kitambo,
walimfukua, wakamnyonga maiti,
kichwa wakakitundika juu ya mti mrefu,
kikanyeshewa miaka zaidi ya ishirini,
watu wakipita chini yake kwenda kunywa kahawa.

Maana kahawa ndiyo kwanza ilikuwa imeshika mji.
Wakaketi nayo kutwa, wakimsengenya mfalme,
vimada wake, madeni yake,
hata akatoa amri migahawa ifungwe,
na amri ikamfia mkononi kabla ya siku yake.
"Angejaribu kufunga saluni," akasema mama, "angeona."

Nilishona siku nne, usiku.
Mwaka wa tauni, alisema Mwalimu, watu waliogopa wigi,
nywele zisije zikawa za maiti.
Nikaitazama pakiti yangu: imetoka mbali,
haina jina la mwenye kichwa.
Nikaziosha mara mbili.

Nikalivika gogo la mbao, nikalisimamisha juu ya ufito.
Ekai, mlinzi, akamulika tochi, akaruka nyuma:
"Mama! Huyu ni wa upande gani?"
"Bado anaangalia upepo," nikamwambia.

Jambo moja nililipenda katika habari ya mtu huyu:
kabla yake, wanawake wa jukwaani walikuwa wavulana
walionyoa ndevu vizuri.
Yeye akawaruhusu wanawake waingie wenyewe.
Na sasa Nekesa, binti wa mfua mabati wa Gikomba,
anaingia kuwa yeye.

Alikuja Ijumaa kupima. Shingo ndefu,
nywele zimenyolewa kwa amri ya shule.
Nikamvisha.
Akajitazama kiooni, akanyamaza,
mabega yakashuka, kidevu kikapanda,
kisha taratibu akaninyoshea mkono niubusu.

Nikauchapa ule mkono. Tukacheka mpaka majirani wakachungulia.
Lakini kabla ya kucheka, nukta moja tu,
magoti yangu yalikuwa yameshaanza kukunjika.