Orodha Nyuma ya Risiti

Nianze na ya tatu,
maana ya kwanza inaniuma
na ya mwisho naionea haya.

Ya tatu ni Ngazi ya Dharura.
Ilitoka mwaka nilioanguka mtihani wa udereva mara mbili.
Wimbo wa nne una kinanda kinachochelewa kidogo,
kama mtu anayeteremka huku akitafuta kiatu chake gizani.
Dada yangu Chizuru aliiita takataka.
Lakini Chizuru hutia sukari kwenye maharage yaliyochacha,
ulimi wake nani auamini?

Yonaka Senpuki, feni ya usiku wa manane:
wasichana watatu wa hapa hapa Akita.
Mmoja gitaa.
Mmoja aliimba kana kwamba amebanwa kidole na mlango.
Na Madoka, ambaye sijui alifanya nini hasa,
ila asipokuwepo jukwaa liliyumba
kama meza ya miguu miwili.
Albamu sita, miaka kumi na mmoja,
kisha kimya. Hawakuaga.
Mtu huzima feni; feni haiagi.

Ya pili, Jumapili Mbili. Sina la kueleza.
Ya nne na ya tano hupokezana nafasi
kila theluji inapoyeyuka.

Ya kwanza ni Mashine ya Kufulia.
Mwezi ule mama amelazwa,
nilifua kanga zake za kulalia, hapana, magauni yake,
yale ya maua ya zambarau yaliyopauka,
kwenye mashine za kulipia sarafu nyuma ya kituo cha reli,
saa nane za usiku, baada ya zamu ya kiwanda cha mikate.
Ngoma ya wimbo wa kwanza
na mzunguko wa ile mashine
vilikwenda sambamba, pigo kwa pigo,
hata nikadhani wameniandikia mimi,
mimi peke yangu, na kwa siri.

Leo nimezipeleka zote sita dukani.
Nataka matairi ya theluji.
Kijana Isurugi amevaa glavu nyeupe za pamba,
anazigeuza diski kwenye mwanga kama daktari wa meno.
Mashine ya Kufulia: yeni kumi.
Kumi?
«Kila nyumba inayo moja, dada.»

Husemwa kizuri chajiuza.
Changu kilijiuza mno.
Nikasimama pale, theluji ikinichuruzika shingoni,
nikiwahesabu wale wote waliosimama usiku
mbele ya kioo cha mviringo,
kila mmoja na magauni ya mtu wake,
kila mmoja akidhani ni siri.

Ya sita, Barafu ya Chumvi: yeni elfu tisa.
Kampuni ilifilisika, zilichapwa chache.
Nimewahi kuisikiliza mara moja,
na hiyo moja sikuifikisha mwisho.
Chizuru ndiye aliyeiweka juu ya zote,
akaniachia alipohamia Fukuoka, akisema,
«Utanipigia simu.»
Miaka tisa. Elfu moja kwa mwaka.

«Nijaribu kama inacheza?» akauliza Isurugi.
Ikacheza.
Gitaa halijakazwa. Mlango umebana kidole kingine.
Kisha, katikati ya wimbo wa sita, vyombo vyote vinanyamaza
na Madoka, yule asiyefanya kitu,
anahesabu moja hadi kumi kwa lafudhi ya kwetu,
lafudhi ya mama akihesabu mayai,
na kwenye saba anacheka.
Hakuna sababu. Anacheka tu,
anameza kicheko, anaendelea na nane.

«Bado ni ya sita,» nikamwambia Isurugi,
nikairudisha mfukoni.
Na ile ya yeni kumi pia.

Nne zilizobaki zilitosha kununua wipa moja.
Nimeifunga upande wa dereva.
Niko ndani ya gari, matairi ya kiangazi,
sithubutu kuondoka.
Naangalia ikipangusa, ikipangusa,
simu iko mapajani,
Fukuoka wanachelewa kupokea.