Nukta ya Nne

Saa nane ya usiku, Tudor, chumba cha nyuma.
Pangaboi linazunguka kama halina hakika.
Kompyuta ni ya kaka; kibodi yake haina H,
mahali pake nimebandika kipande cha plasta.
Na programu hii ya kuchorea
haina bei, wala haina bwana:
waliijenga watu nisiowajua, wengine hawajuani,
wakaiacha kama baraza ya mawe,
apitaye aketi.

Bango ni A sifuri, upana karibu wa leso.
Basi nikalipanga kileso:
pindo pembeni, nembo za chuo na wafadhili,
mji katikati, wanapokaa kaa wangu,
na jina chini.
Jina lilikuwa halijaja.

Dakta Mwachofi aliisoma rasimu
akairudisha imejaa wino mwekundu.
"Maneno mia tisa! Nani atasimama?
Leso husema mstari mmoja
na mtaa mzima ukagombana."
Nikafuta. Nikafuta mpaka utangulizi
ukabaki pumzi mbili.

Kielelezo ndicho kilichonikesha.
Vituo vitano vya mikoko, nikielekea Mikindani,
mashimo ya kaa kwa kila mita ya mraba.
Kadiri uchafu unavyozidi, mstari unashuka,
unashuka kwa adabu,
halafu nukta ya nne inaruka juu
kama mtoto ambaye hajaambiwa kuna msiba.

Naibonyeza. Inachipua mikono miwili myembamba,
ubavu huu na ubavu huu,
inangoja kuvutwa.
Milimita tatu tu.
Programu haiulizi, si kazi yake kuuliza.
Haijui kwamba duara hili dogo
ni asubuhi nzima ya Mfungo Pili,
maji yamekupwa, tope magotini,
Chiriba kashika fremu ya mbao
na mimi nahesabu: arubaini na moja.
Nikahesabu tena.
Arubaini na moja,
na nyuma yetu bomba la maji machafu
likitapika bila haya.

Nikaivuta.

Mstari ukalala sawa. Ukawa mzuri, wallahi,
mzuri wa kutundikwa sebuleni.
Nikautazama muda wa kunywa glasi ya maji.
Kisha vidole viwili, Kontroli na Z,
nukta ikarudi kwake
mbio, kama iliyokuwa imebanwa pumzi.
Nikaipaka rangi ya chungwa isipotee,
nikaandika ubavuni pake:
Hapa hatujui.

Asubuhi, Mtaa wa Biashara,
ghorofani juu ya duka la leso,
Jagdish akafungua faili, herufi zote
zikageuka visanduku vitupu.
"Fonti zako sina. Zigeuze ziwe michoro."
Nikazigeuza, nimesimama, mkoba begani,
mashine ikaguna, ikaanza kulitoa bango
taratibu, kichwa kwanza.
Kijani cha mikoko kikatoka
rangi ya mchicha wa juzi.
Pesa ya kurudia hakuna.
Lakini chungwa lilitoka chungwa.

Jagdish akainama, akaigusa kwa ukucha.
"Hii moja peke yake,
umesahau kuipanga?"

"Hiyo," nikamwambia, "ndilo jina la leso."

Akanitazama. Akalikunja bango.
Bomba la kubebea, akasema,
ni mia mbili zaidi.