Asilimia Moja na Nusu

Tangazo lilitoka redioni saa saba mchana, mwezi Machi,
nikiwa dirisha namba nne, nahesabu noti
zinazonuka dagaa wa Kirumba.
Benki Kuu imeshusha riba, akasema msomaji,
kwa sauti ya mtu anayetabiri mvua.

Mvua ya nani, hakusema.

Ijumaa meneja akabandika karatasi ukutani:
amana za muda maalumu, tisa imekuwa saba na nusu.
Gundi haijakauka, mama yangu akaingia,
kitambulisho ndani ya mfuko wa plastiki,
maana siku hiyo amana yake ilikuwa inaiva.

Bi Nyanzobe Luhende, muuguzi mstaafu,
miaka thelathini na moja, zamu nyingi za usiku,
milioni kumi na mbili.
Hakuja kama mama. Alipanga foleni.
Alipofika kwenye kioo nikamwambia nilichowaambia wengine:
kwa mwezi ilikuwa tisini elfu, sasa sabini na tano.
Akatazama dari, akapiga hesabu kwa midomo
kama zamani alivyohesabu matone ya dripu.
"Dawa zangu za presha hizo," akasema,
"na chenji ya sato mmoja, tena mdogo."
Halafu: "Akiba haiozi, mlituambia."
Nikanyamaza.
"Kweli haiozi. Inakonda."
Akasaini. Angefanya nini,
azilaze chini ya godoro zikazungumze na panya?

Jioni kaka yangu Mabula akapiga simu kutoka mwaloni,
nyuma yake mashine ya barafu inanguruma,
ile ya mkopo: milioni ishirini, miaka mitatu,
riba inayoelea, ndivyo mkataba unavyosema.
Amesikia. Anacheka. Tayari ameshazitumia:
atapaka mlango rangi, ataongeza kijana wa kubeba.
Kukopa arusi, kulipa matanga,
na huyu alikuwa amesikia kwamba kwenye matanga
kuna mtu anakuja na sinia la pilau.

Sikuwa na moyo wa kumwambia.
Riba ya amana hushuka kama jiwe kisimani.
Riba ya mikopo hushuka kama mgonjwa kilima cha Bugando,
mkono ukutani, akipumzika kila hatua.
Barua ya kwanza ikajibiwa: tunalifanyia kazi.
Ya pili haikujibiwa.
Ya tatu nilimwandikia mimi, usiku,
nikafuta "naomba" nikaweka "nakumbusha".
Rejesho lilishuka Juni,
kutoka laki saba na elfu kumi na tatu
hadi laki sita na elfu tisini na nane.

Toa. Rudia kutoa.
Kumi na tano.

Zimetoka kwenye mkoba wa mama,
zimeingia mfukoni mwa mwanawe,
wala hakuna aliyempa mwenzake mkono.
Lakini za Machi, za Aprili, za Mei,
za mama zilishaondoka, za Mabula hazijafika.
Zililala wapi?
Najua zilipolala. Ninakaa humo kutwa,
nimevaa skafu yenye nembo yake.

Kwetu Igombe ziwa likirudi nyuma hatua tatu
mmoja hupata tuta la mchicha,
mwingine huburuta mtumbwi matopeni
akimtukana mwenye mchicha.
Ziwa lenyewe halijui jina la yeyote.

Jumapili tulikula kwa mama.
Mabula alikuja na ndoo ya barafu yake mwenyewe,
ndani sato wawili, wanene, macho bado maangavu.
Mama akawapima kwa kiganja.
"Umenunua shilingi ngapi?"
Mabula akajikuna shingo.
"Nimewakopa," akasema.

Mama alicheka hadi akashika meza.
Kisha akachukua kisu, akaanza kupaa magamba.
"Basi tuwale haraka," akasema,
"kabla redio haijasema tena."