Barafu Haikufika Naumbu

Nilishika ncha ya futikamba, Bi Nandonde akashika nyingine,
akarudi kinyumenyume juu ya mwamba uliochongoka,
kandambili zikimlilia kwa kila jino la jiwe.
"Mita nne na nusu," akasema, akaandika.
Toka maji ya leo hadi kovu lile.

Nalijua kovu. Utotoni tulijibanza humo mvua ikinyesha,
mfuo mrefu uliolika ubavuni mwa jabali
kama muwa uliogugunwa upande mmoja.
Sikujua ni bahari iliyogugunia,
ikiwa imesimama pale juu, kabla haijashuka
ikaacha alama za meno.

Akapangusa mchanga kwa kiganja:
kombe kubwa, limefumba ndani ya jiwe
kama kitabu ambacho msomaji wake ameitwa jikoni.
Pembeni, tumbawe lenye mikunjo ya ubongo.
Hakuna aliyeyachonga haya. Yaliishi.
Yalijenga, kila moja juu ya mgongo wa marehemu wake,
miaka elfu mia na ushei iliyopita,
nasi tukaja na nyundo, tukayaita mawe.

Kisha akanieleza habari ya barafu.
Kwamba huko kwenye vichwa vya dunia
maji yaliganda yakawa milima,
na kila tone lililoganda lilikuwa limetekwa baharini,
hata bahari yetu ikapwa,
si kupwa kwa saa sita, kupwa kwa maelfu ya miaka,
ikashuka kimo cha minazi sita iliyobebana mabegani.
Mito ikaifuata chini, ikichimba,
maana mto haumwachi bahari hata akihama.
Mmoja ulichimba pale ilipo bandari ya Mtwara.
Barafu ikayeyuka. Bahari ikapanda,
ikaingia bondeni bila hodi.
Leo meli za korosho zinaelea juu ya kitanda cha mto.

"Barafu haikufika Naumbu," akasema akikunja futi,
"mkono wake ndio uliofika."

Jioni nikamsimulia mama.
Mama yangu Somoe, aliyeuza barafu za ukwaju
kwenye lango la shule, mia mia,
na msimu wa mvua, watoto wasipotaka baridi,
akagonga kokoto mwambani hadi karai lijae.
Dole gumba la kushoto halina ukucha tangu nikiwa darasa la tatu.
Alinisikiliza akipepeta choroko.

"Barafu? Hii hii?"
Hiyo hiyo.
"Yangu haikuwahi kuivuka saa nane."
Akacheka, choroko zikaruka nje ya ungo,
kuku wakaja.

Kisha akauliza, bila kuniangalia:
"Hayo mawe niliyoyaponda, yalikuwa na wenyewe?"
Vijidudu tu, mama. Laini kama ute wa yai.
"Na nyumba zao nikazifanya msingi wa zahanati,
na choo cha akina Mkwanda,
na ada yako."
Nikaokota choroko moja moja.
Ungo ukajaa tena, jibu sikuwa nalo.

Usiku ule ulikuwa wa bamvua.
Maji yalifika kwenye shina la mkungu
ambalo mwaka juzi hayakulifikia,
na nikakumbuka neno ambalo Bi Nandonde alilisema kwa haraka,
akifunga mkoba, kama mtu anayetaja deni la jirani:
iliyobaki huko, inadondoka bado.

Alfajiri nilimkuta mama kwenye kovu.
Dole lisilo na ukucha lilikuwa limeingia
ndani ya mkunjo wa tumbawe, linafuata njia,
linapotea, linarudi nyuma, linaanza tena.
Karai lilikuwa kichwani, tupu.
Nyundo ilikuwa ndani yake au haikuwa,
sikunyanyua shingo kutazama.