Mstari Mwekundu

Saa tatu na dakika nane ghala la pamba Nyakato lilishika moto,
nami nikabonyeza kitufe.
Mstari mwekundu ukajitandaza chini ya kioo
kama kanga mpya: HIVI PUNDE.

Haki yake. Pamba ikiwaka, watu wahame.
Tuliwatangulia wenzetu wa Dar kwa dakika nne,
bosi akatuma makofi matatu kwenye simu.

Saa nne.
Lushinge yuko palepale, kikoti cha njano, kipaza sauti kimeloa:
"Kama mnavyoona, moshi."
Tunaona.
Saa nne na robo zimamoto wanakunja mipira yao.
Sikuufuta mstari.
Namba ya watazamaji ilikuwa ikipanda pembeni ya meza yangu
kama kipimajoto kwapani mwa mtoto mgonjwa,
na nani huondoa sahani watu wakiwa bado wanakula?

Kwenye ratiba, saa tano kasoro kumi, palikuwa na kitu kidogo:
Hali ya Ziwa. Dakika mbili na nusu.
Nyanzobe huisoma polepole, bila tabasamu:
mvua upande wa Ukerewe, upepo Ghuba ya Speke,
bei ya dagaa Mwaloni Kirumba.
Ofisini hakuna anayeipenda.
Nikaisogeza hadi saa tano na nusu.
Nikaisogeza hadi saa sita.
Kusogeza ni kidole kimoja tu.

Saa saba simu ililia.
Mama wa Igombe. Hakusalimia.
"Hivi yule dada wa mvua amefukuzwa kazi?"
Kuna dharura, mama, ghala linaungua.
"Naliona. Tangu asubuhi naliona.
Nina chanja ishirini na mbili za dagaa nje.
Nimekaa kwa jirani namngoja huyo dada,
mpaka mvua ikaja kujitangaza yenyewe."

Nikamwuliza jina, kwa mazoea ya kazi.
"Kabula. Unaliandika? La nini?"

Saa nane mstari ukaondoka.
Nyanzobe akasoma mvua ya asubuhi,
mvua iliyokwisha kunyesha, kwa sauti ileile,
akasema huenda ikanyesha.

Kuna kipande nilikikata, kilikuwa kirefu.
Mzee wa zimamoto, masizi puani, alisema
pamba haizimwi kwa maji ya siku moja;
huendelea kuungua ndani ya robota, siku tatu, nne,
bila mwali, bila moshi wa kupigwa picha.
Siku ya tatu hatukuwa na mtu kule.

Leo, saa tano kasoro kumi na mbili,
lori limeacha njia Buhongwa. Dereva mzima, soda zimemwagika.
Kidole kiko juu ya kitufe.
Nyanzobe amekwisha kukaa, karatasi mkononi, ananitazama kupitia kioo.
Dirishani, upande wa Ukerewe,
pameanza kuwa peusi.