Muhina

Saa tisa usiku Mumo aliniamsha kwa kidole,
na kidole chenyewe kimelowa.
Stima ilikuwa imepotea Pipeline nzima.
Kwa mwanga wa simu nikaiona fulana,
ile nyeupe niliyoigombania kamba ya kuanikia,
nyekundu mpaka kitovuni.

Nikamfanyia nilivyofanyiwa:
kichwa nyuma, macho darini,
kitambaa cha maji utosini,
na nusu ya sala, nusu nyingine imenitoka.
Damu haikukoma. Ilibadili njia tu.
Akaimeza, akaimeza, kisha akaitapika,
nyeusi kama kahawa iliyolala,
nami nikapiga yowe ambalo ploti nzima inanidai hadi leo.

Mlango wa pili anakaa Kwamboka,
nesi, ndio kwanza anavua viatu vya zamu.
Hakunisalimu. Alimkalisha mtoto juu ya debe,
akamwinamisha mbele: "Kama umeangusha shilingi."
Akaibana pua penye ulaini, chini ya mfupa.
"Pumua kwa mdomo. Ikishuka kooni, tema.
Wewe mama, shika saa."

Dakika kumi.
Mara tatu nikasema, hebu tuchungulie.
Mara tatu akanikata jicho.
Mbwa wa gereji walibweka wakachoka.
Mfereji uliguna, ukatoa hewa, ukanyamaza.
Ya saba. Ya nane ilikuwa na watoto wake.
Akaachia.
Pua ikarudi kuwa pua.

"Ingefululiza dakika ishirini,
au angekuwa ameanguka na kuumia,
saa hii tungekuwa njiani kwenda hospitali.
Hii ni ya ukavu."
Akauinua mkono wa mwanangu, akanionyesha ukucha.

Na mimi nilikuwa nimeshamhukumu
shangazi yake, aliyemsifu mno Jumapili!
Kumbe ni Februari, na barabara wameichimba wakaiacha,
vumbi linapanda ghorofa bila kupiga hodi;
ni mafua ya wiki jana,
ni jiko langu la makaa,
ni kidole kinachotafuta kitu kwenye giza.

Sasa nampaka mafuta ya mgando kila usiku,
chembe ya kunde, si zaidi.
Kucha namkata Jumamosi, kwa vita.

Juzi ilirudi, nikikanda unga.
Nilipogeuka alishakaa kwenye debe,
ameinama, amejibana,
anahesabu kwa sauti ya bata:
mia nne na tatu, mia nne na nne.
Nikafungua mdomo.
Akaninyooshea kiganja, nisimpoteze.